Diski Iliyofunguliwa kwa Bisibisi

Basi la kutoka Columbus kwenda Louisville linapita Cincinnati, na hapo abiria hushuka kunyoosha miguu. Mimi sikushuka. Nilibaki kwenye kiti nimepakata mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe, katikati ya soksi mbili nene, kulikuwa na diski ya nje ya kompyuta. Mama mmoja mzee wa Kimarekani aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kama nimebeba majivu ya mtu. Nikamwambia hapana, ni video tu za nyumbani. Akasema Mungu anisaidie, na mimi nikajikuta naitikia amina kama mtu aliyepewa pole.

Watu wa kwetu waliotawanyika huku wananijua kwa kuhama. Nilifikia Louisville, nikapakia maboksi ghalani. Nikahamia Columbus kwa sababu mdogo wangu wa kike alikuwa amefika huko na mumewe. Nikaenda Buffalo kwa ajili ya mama. Kisha nikarudi Louisville kwa sababu ambayo hadi leo siwezi kuieleza vizuri. Kila mji niliokaa niliutamani ule niliotoka, na yote mitatu naiona kama vituo vya kungojea gari la kurudi mahali ambapo hapapo tena. Shemeji yangu, mume wa dada, alizoea kunitania: "Shemeji, weye Mungu alikupa mguu wa kutembea, ule wa kukaa alisahau." Safari hii, nilipotoka nyumbani kwao Westerville, pembeni ya Columbus, na mkebe wangu, hakutania. Alisimama mlangoni mikono mfukoni, akatazama gari lililonipeleka kituoni mpaka tukakata kona.

Katika diski ile kulikuwa na mambo mengi, picha za kwaya, ubatizo, mahubiri, lakini yaliyotuhusu sisi yalikuwa mawili. La kwanza ni harusi ya dada, iliyofanyika kambini Tanzania baba akiwa mzima. La pili ni maziko ya baba, miaka michache baadaye, katika kambi ileile. Yote mawili yalipigwa na mtu mmoja kwa kamera moja, kwa maana upande wetu wa kambi mpiga video alikuwa yeye tu: aliyekupiga ukioa ndiye aliyekupiga ukizikwa.

Mimi sikuwepo kwenye lolote. Wakati wa harusi nilikuwa nimetoka kambini kutafuta vibarua vya kulima, na habari ilinifikia imeshapoa. Wakati wa maziko nilikuwa Louisville, nimeshika simu kwenye chumba cha kupumzikia cha ghalani, na mtu mmoja kando yangu anapasha chakula chake moto. Lakini hata waliokuwepo hawakuona. Katika ukoo wetu mjane hafuati jeneza. Mama alibaki kwenye mkeka, amezungukwa na wanawake. Dada alikuwa na kitoto kichanga, na mzazi mbichi haendi makaburini. Aliyesimamia kuchimba ni baba mdogo. Miezi kadhaa baadaye alimpeleka mama kuona, lakini nyasi zilikuwa zimepanda mpaka kiunoni na mchwa walikuwa wameshaula msalaba wa mti. Baba mdogo akaonyesha kwa kidole, ni pale. Mama akalia akitazama pale. Kisha baba mdogo naye akafariki, na mama akaitwa kupanda ndege kuja Buffalo.

Kwetu kilio cha mjane hakifungwi mpaka kaburi lijengwe kwa saruji. Likishajengwa, ukoo unakutana, mjane anaoga, anavishwa kitenge kipya, anasimama, anacheza, na tangu siku hiyo ni mtu kama watu. Tulikuwa tukisema kila mwaka kwamba tutatuma mtu ajenge. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine. Mama akawa anakaa East Side ya Buffalo, ghorofa ya chini ya nyumba ambayo juu walikaa Warundi, akivaa nguo zilezile za rangi ya majivu. Akialikwa harusini alikwenda, alileta zawadi, akakaa karibu na mlango, akala, na ngoma zikianza aliomba arudishwe nyumbani. Wamarekani wa kanisani walidhani ana ugonjwa wa magoti.

Halafu binamu yangu, mtoto wa baba mdogo aliyebaki kambini, akapiga simu. Upande ule wa makaburi utalimwa ili ipandwe miti. Wenye watu wao waweke saruji kabla ya mvua. Kisichokuwa na alama kitasawazishwa na trakta. Yeye wakati wa maziko alikuwa mdogo sana na hakumbuki ni wapi. "Yaya," akaniambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "nitumieni ile video. Nikiona walipopita, nitapajua."

Tukaona ni jambo jepesi. Diski iko Columbus, dada anayo, anaitunza kwenye kitambaa tangu kambini, huitoa kuangalia harusi tu, maziko hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyaangalia. Siku ya Jumapili baada ya ibada, dada na shemeji wakaiunganisha kwenye televisheni. Watu wa kanisani kwao waliposikia kwamba kuna video za kambi, walikuja na viti vyao. Nani asingetaka kuona tena ile barabara nyekundu? Wakaanza na harusi, kwa sababu hakuna anayeanza kualika wageni kwa msiba. Baba alikuwa ndiyo kwanza anatokea kwenye uwanja, amevaa koti la kuazima, wakati mama mmoja mnene alipojisogeza apishe wengine, mguu wake ukanasa waya. Diski ikaanguka kutoka juu ya kabati hadi kwenye vigae, huku inazunguka. Picha ikaganda baba akiwa amenyanyua kiwiko kimoja. Kisha televisheni ikawa ya bluu.

Walipoichomeka tena ikawa inatoa mlio, tk, tk, tk, taratibu, kama mabibi vizee msibani wanapobofya ndimi kwa masikitiko. Ndivyo dada alivyonieleza kwa simu, na hata mimi niliye mbali nikausikia nyuma yake.

Yaliyofuata nilisimuliwa nilipofika, na kila mmoja aliyasimulia akiwa amemgeuzia mwenzake mgongo. Kwanza waliiweka kwenye mchele. Jirani alisema simu yake ilipona hivyo. Shemeji alijaribu kusema kwamba simu ya jirani ilitumbukia majini na diski haikulowa, ilianguka tu. Wakamwambia mchele unavuta mabaya yote. Ikalala kwenye mchele. Kisha kina mama wa maombi wakaiwekea mikono. Mlio haukukoma.

Ndipo shemeji akachukua bisibisi.

Lazima nimtendee haki. Kambini, shemeji alikuwa fundi wa redio, na hapakuwa na redio iliyomshinda. Kule hakuna kitu kilichokuwa kimefungwa kwa ajili ya kubaki kimefungwa. Kikifa, unakifungua, unapuliza vumbi, unafuta kichwa cha kaseti kwa pamba iliyochovywa spiriti, unachomea waya uliokatika, unakifunga. Watu walitoka upande wa pili wa kambi wakimtafuta. Hapa Columbus anabandika lebo kwenye maboksi, na hakuna anayemuuliza chochote isipokuwa kama amemaliza. Nadhani alipoiona ile diski inalia, aliona mgonjwa wa aina anayoijua. Akatandika taulo safi juu ya meza ya jikoni, akavuta taa, akanawa mikono. Akafungua skrubu moja moja, akainua kifuniko, akakuta sahani inayong'aa kama kioo cha kunyolea. Akaona mstari mwembamba umejichora juu yake. Akachovya pamba kwenye spiriti, akaifuta.

"Ilikuwa inatoa sauti, donc nilifungua nione," aliniambia, akichanganya Kifaransa chake cha zamani. "Bon. Kule tulikuwa tunafungua kila kitu."

Dada alikuwa anakunja nguo. Alisema bila kuinua kichwa, "Kule zilikuwa redio."

Huko Louisville nilikuwa nimeelekezwa karakana moja inayookoa data kutoka kwenye diski zilizoharibika, ndiyo maana nikaibeba mwenyewe badala ya kuituma kwa posta. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi, macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Akafungua mkebe wa biskuti, akatoa soksi, akatazama zile skrubu zilizochubuliwa. Akauliza nani ameifungua. Nikasema shemeji yangu. Akauliza kama ni fundi. Nikasema ndiyo, kwa sababu ni kweli.

Hakuniaibisha. Alinieleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba ndani ya diski kuna vichwa vidogo vya kusomea, vinavyopita juu ya sahani bila kuigusa, karibu mno hata chembe ya vumbi mbele yao ni kama jiwe katikati ya barabara. Ilipoanguka, kichwa kimoja kiligonga sahani. Hilo peke yake lingetibika. Lakini ilipofunguliwa mezani, vumbi la nyumba liliingia, na spiriti ikaacha utando. Akasema atajaribu kuisafisha kwenye chumba kisicho na vumbi, kisha atafute diski nyingine ya aina ileile, ya toleo lilelile, nzima kabisa, aitoe vichwa vyake avipandikize kwenye yetu. Nilirudia maneno hayo kichwani kwa Kiswahili nikiwa njiani kwenda kazini. Diski nzima, isiyo na kosa lolote, inachinjwa ili ile iliyokufa iseme neno.

Wiki zikapita. Binamu akawa anatuma ujumbe kutoka kambini: wamepima, wameweka vigingi, upande wa juu wameshaanza kulima. Mama alinipigia kila jioni na hakuuliza habari za diski hata mara moja. Aliniuliza nimekula nini. Dada aliuliza, lakini aliuliza kuhusu harusi. Sikuzingatia tofauti hiyo wakati ule.

Fundi alipopiga simu nilikuwa nakula chakula cha mchana kwenye gari la mwenzangu. Diski imewaka, akasema, na ameweza kusoma majina ya folda, ila yaliyomo bado. Aliniuliza jina la marehemu. Nikamtajia. Akasema halipo. Nikamwomba anisomee majina yote aliyonayo, naye akaanza kuyasoma, akiyavunjavunja kwa ulimi wa Kimarekani, jina la kwaya, jina la mchungaji, jina la dada na la shemeji yakiwa yameunganishwa, ndiyo harusi. Kisha akasoma neno Mama, na jina la kaka yangu.

Kaka huyo sikumjua. Alikuwa mzaliwa wa kwanza na alifariki njiani, katika kukimbia, kabla mimi sijazaliwa. Lakini kambini mama hakuitwa kwa jina lingine, aliitwa Mama wa mtoto yule, na mpiga video alikuwa ameandika kama watu walivyomwita aliyefiwa. Hapa Marekani mama anaitwa kwa jina lililo kwenye karatasi zake. Ilikuwa miaka sijalisikia lile jina, na sasa nalisikia kwa mgeni, kwenye gari linalonuka mafuta ya kukaangia. Nikasema, ni hiyo.

Fundi akasema vizuri, basi sasa nimsikilize. Sahani imechubuka na vichwa vilivyopandikizwa havitadumu. Huenda vikafanya kazi muda mrefu, huenda vikafa upesi, na vikifa vitaichubua sahani zaidi, hapatakuwa na mara ya pili. Harusi ni kubwa na imetawanyika. Maziko ni madogo, lakini yapo karibu na mchubuko. Atakachoanza nacho ndicho chenye nafasi. Nimwambie aanze na kipi.

Nilimwambia nitamjibu kesho yake.

Jioni ile tulizungumza watatu kwenye simu moja, mama Buffalo, dada Columbus, mimi Louisville. Nilieleza yote kama nilivyoelezwa.

Dada alianza taratibu. Alisema yeye ndiye aliyeitunza diski ile, aliivusha mipaka na viwanja vya ndege ndani ya nguo za mtoto. Alisema watoto wake hawajawahi kumwona babu yao akitembea ila kwenye ile harusi. Alisema picha ile iliyoganda kwenye televisheni, ya kiwiko kilichonyanyuka, inamjia anapowaogesha wazee kazini. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Mama, weye unataka udongo," akasema. "Mi nataka baba."

"Baba yako iko ndani ya ule udongo."

"Kwenye udongo hachezi, Mama. Kwenye ile harusi anacheza."

Nikasikia mama anavuta kiti. "Mwanangu," akasema, "mutu ukimuona anacheza kwenye televisheni, na huku trakta inamupita juu, utasema umemuona wapi?"

Mimi nilitaka kusema kitu cha kuwapatanisha, na sikukipata, maana nami nilikuwa na yangu. Sikuwahi kumwona baba akicheza isipokuwa kwenye ile video, mara mbili tatu, kwenye sebule ya dada, nikiwa nakula na kuongea, nikidhani itakuwepo siku zote. Na wakati huohuo nilikuwa nafikiria zile nguo za rangi ya majivu.

"Yaya," dada akaniita. "Sema."

Nikasema mwenye kilio ni Mama.

"Basi mwambie yule mama wa mashine aanze na kaburi," mama akasema. Dada akakata simu. Mama hakukata. Akaniuliza nimekula nini.

Asubuhi nilimpigia fundi. Kwa Kiingereza yalikuwa maneno machache tu, anza na maziko, kama mtu anayeagiza chakula. Akasema sawa.

Alichokiokoa kilitosha kwenye flashi ndogo ninayoiweka mfuko mmoja na ufunguo. Maziko yalitoka, si yote. Vichwa vilikufa alipokuwa anageukia harusi. Ya harusi ilitoka faili moja isiyofunguka, ambayo alinipa pia, akasema wakati mwingine watu wanapenda kuwa nayo. Nilimtumia dada ujumbe, kwa sababu niliogopa kupiga. Aliandika "ok". Baada ya hapo shemeji ndiye aliyekuwa akipokea simu za kwao, akisema dada yuko kazini, na nyuma yake namsikia dada akiongea na watoto.

Nilichukua basi kwenda Buffalo ili mama asiitazame peke yake. Tulikaa kwenye kochi lake, kompyuta ndogo niliyoazima ikiwa juu ya kigoda cha kuwekea chai. Picha ikaanza na jeneza linatoka nyumbani kwetu, na kwa mbali, ndani ya mlango, kivuli cha wanawake mkekani. Mama akasema, "Mimi njo yule," akagusa kioo kwa ncha ya kidole. Wanaume wakabeba. Barabara nyekundu, kisha mikaratusi, kisha tangi la maji la plastiki. Baba mdogo akatokea ametangulia na jembe begani, akiwa bado kijana kuliko nilivyo mimi sasa. Wakakunja kushoto kwenye rundo la matofali ya tope. Na hapo picha ikavunjika. Ikawa miraba ya kijivu na kijani, inarukaruka, kipande cha shati, kipande cha mbingu, halafu kijivu kitupu hadi mwisho.

Nilinyoosha mkono kuizima. Mama akaushika.

Sauti ilikuwa inaendelea. Nyayo kwenye majani. Mtu anasema wasikanyage hapo, hapo kuna mtoto. Mchungaji anakohoa, anaanza kusali. Na chini ya sala, muda wote, karibu sana, mlio wa chuma, kwii, kwaa, kwii, kwaa. Mama akaujua kabla yangu. Lilikuwa bomba la maji la kupampu kwa mkono. Wanawake hawakuacha kuteka maji eti kwa sababu baba anazikwa. Ndoo zilikuwa zinangoja. Tukasikia udongo unaanza kuanguka juu ya mbao, na bomba halikunyamaza.

Nilimtumia binamu, picha na sauti. Siku ya pili alipiga, anahema kama aliyekuwa anakimbia. Bomba hilo lilikufa zamani, akasema, chuma chake kiliibwa, lakini sakafu yake ya saruji ipo. Alipita mikaratusi, tangi halipo lakini mguu wake upo, akakunja kushoto, akafika kwenye sakafu ya bomba, akafyeka nyasi. Chini ya nyasi kuna vilima vitatu vya makaburi vimelala sambamba, na kimoja kidogo cha mtoto pembeni. Hakuna alama hata kwenye kimoja. Baba ni mmojawapo wa wale watatu, na zaidi ya hapo hajui, na hakuna wa kumuuliza. Akatuma picha. Udongo mwekundu uliofyekwa, sakafu ya saruji imepasuka, vilima vitatu.

Mama aliitazama picha ile kwenye simu kwa siku nzima. Aliivuta kwa vidole ikawa kubwa, akakisogelea kimoja, akarudi kingine. Aliipeleka dirishani. Jioni alipika ugali na sombe, majani ya muhogo ya kwetu, tukala, akanawa mikono, kisha akaniambia nimpigie binamu.

"Jenga yote," akamwambia.

Binamu alidhani hakusikia vizuri. Akaanza kueleza saruji, mchanga, wajenzi, na muda uliobaki.

"Yote. Na ya ule mtoto. Hao wengine nao wana watu wanawatafuta huko waliko. Usiandike jina. Weka misalaba mine, basi."

Mimi usiku ule na siku kadhaa baadaye sikupata amani. Nilijiuliza tumefanya nini. Tuliitoa harusi ili tupate kaburi, na kaburi hatukulipata, tulipata ujirani wake. Sikumwambia mama hivyo. Nadhani alijua, na nadhani alikuwa ameamua kwamba inatosha, na mimi sina kipawa hicho cha kuamua kwamba kitu kinatosha. Kama ningekuwa nacho ningekuwa nimekaa mji mmoja.

Saruji ilimwagwa kabla ya mvua. Trakta ilipita kandokando, binamu akatuma picha: shamba lililolimwa, na katikati kisiwa kidogo cheupe chenye misalaba minne.

Tulifunga kilio Buffalo wakati wa kiangazi, nyuma ya nyumba ya mama. Walikuja watu wa ukoo waliopo karibu, na watu wa kanisani, na Warundi wa juu walishuka na viti vyao. Sikutegemea dada atakuja. Alikuja na mumewe na watoto, wamesafiri tangu alfajiri, na akaenda moja kwa moja jikoni kukaanga samaki. Alinisalimia kwa mkono uliojaa unga. Watu walipokusanyika sebuleni kusikiliza sauti ya maziko, kwa maana wazee walitaka kuisikia, yeye alibaki na samaki wake. Shemeji hakuingia kabisa. Alikaa kwenye ngazi za mbele.

Mama akaogeshwa, akatolewa chumbani amevaa kitenge cha njano chenye ndege wa bluu. Nilikuwa nimesahau kwamba ana shingo. Muziki ukawekwa, na spika kubwa ya kuazima ikakoroma, ikakata, ikakoroma tena. Watu wakaipigapiga. Mtu akasema aende akaazime nyingine.

"Fundi iko wapi?" mama akauliza. "Mkwe wangu iko wapi?"

Wakamwita. Shemeji akaja, akaiinamia spika, akaisikiliza, akamwomba mtu bisibisi. Nikaona dada ametokea kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Shemeji akashika bisibisi, akamtazama mama, sio mkewe.

"Fungua," mama akasema. "Hiyo ni redio."

Akafungua. Waya ulikuwa umechomoka. Akausokota kwa vidole, akaufunga kwa kipande cha plasta ya kidonda, na ngoma ikatoka safi. Mabibi wakapiga vigelegele. Mama akapiga hatua ya kwanza, nzito, mtu aliyesahau njia, kisha ya pili. Akanyanyua kiwiko.

"Hapana," dada akasema kutoka mlangoni.

Watu wakageuka. Dada akaweka mwiko chini. "Baba hakunyanyua cha kulia. Alianza na cha kushoto, huku anachechemea, kama vile kiatu kinamubana."

"Kiatu kilikuwa kinamubana," mama akasema. "Koti na viatu vyote tuliazima. Lakini kiwiko kilikuwa hiki."

"Mama, ile picha ilisimama pale. Niliiona. Cha kushoto."

"Weye ulimuona kwenye televisheni. Mimi nilikuwa nacheza mbele yake."

Dada akaja katikati ya uwanja, amejaa unga, akaonyesha kushoto, na mguu unaovutwa. Mama akaonyesha kulia. Wakasimama wanatazamana, wamenyanyua viwiko, kila mmoja amemshikilia baba wake. Kisha wote wawili wakanigeukia.

"Yaya," dada akasema, "uliiangalia mara ngapi ile video? Ilikuwa kipi?"

Nilifunga macho, nikatafuta. Niliona sebule ya Westerville, sahani yangu ya chakula, koti la kuazima. Niliona mtu anaingia uwanjani. Nilimngoja anyanyue mkono.